Nyumba kongwe na barabara zenye kivuli Unguja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa nini nyumba na barabara zinazungumzwa pamoja?

Kwa sababu zilikua pamoja. Sayyid Said, sultani wa Omani, alipohamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 na karafuu zikaenea mashamba, mwenye mali alikuwa na nyumba mbili: ya mjini ya biashara, na ya shamba ya kupumzikia na kusimamia mavuno. Kati ya hizo mbili palikuwa na njia, na pembezoni mwa njia palipandwa miti ili mtembea kwa miguu na punda wa mizigo wasiungue na jua. Ukienda leo kutoka Malindi hadi Bububu, au kutoka mjini kuelekea Tunguu, unapita kwenye mfumo huohuo ingawa lami imeufunika.

Kuna sababu nyingine, ya kusikitisha zaidi: vyote viwili hufa kwa namna moja. Nyumba ya mawe hukaa miaka thelathini ikivuja kidogo kidogo bila mtu kushtuka, halafu huporomoka kwa usiku mmoja wa masika. Mwembe hukatwa mizizi leo kwa ajili ya mtaro, ukaanguka baada ya miaka mitano, na kila mtu akasema ni upepo.

Nyumba gani hasa inahesabiwa kuwa ya kihistoria?

Wengi wakisikia neno hilo hufikiria Beit al-Ajaib, Ngome Kongwe na kasri la Forodhani. Hayo yana nafasi yake, lakini UNESCO ilipouingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 haikuchagua majumba matatu au manne. Ilichukua mji mzima, hekta 96 za vichochoro, misikiti, maduka na nyumba za watu. Thamani iko kwenye mkusanyiko.

Ndani ya mkusanyiko huo kuna aina ambazo jicho likizoea huzitambua haraka. Ipo nyumba ya Kiarabu: kuta nene, nje haina mapambo mengi isipokuwa mlango, na maisha yote yamegeukia kiwanja cha ndani kilicho wazi juu. Ipo nyumba ya duka ya wafanyabiashara wa Kihindi, ambayo chini mbele ni biashara, na nyuma na ghorofani ni familia, ikiwa na roshani ya mbao iliyotobolewa nakshi inayoning'inia juu ya njia. Yapo majengo ya wakati wa Waingereza yanayochanganya kuba na matao, mengi yakiwa ya mkono wa msanifu John Sinclair, kama Mahakama Kuu ya Vuga na jumba la makumbusho la Beit al-Amani lililofunguliwa mwaka 1925. Na ipo nyumba ya Kiswahili, ambayo watu huisahau kwa sababu wanaishi ndani yake. Hiyo ina swali lake hapa chini.

Nikilazimishwa kuchagua, ningeacha kasri moja lisubiri fungu lake la fedha kuliko kuona safu nzima ya nyumba za Sokomuhogo ikigeuzwa vioo na alumini. Kasri halikosi wafadhili, lakini safu ya nyumba za kawaida haina anayeisemea.

Zilijengwa kwa kutumia nini?

Mawe ya matumbawe, chokaa, udongo mwekundu, mchanga na boriti za mikoko. Basi.

Mawe yalichimbwa kwenye ardhi ya kisiwa chenyewe, ambayo sehemu kubwa ni matumbawe ya kale. Ni mepesi, yana vinyweleo, na hayana umbo la kupangika vizuri, ndiyo maana kuta zinafanywa nene: katikati hujazwa vipande na udongo wa chokaa. Chokaa nayo ilitokana na mawe hayohayo. Yalipangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa kwa siku kadhaa, kisha yakazimwa kwa maji na kuachwa yaive. Fundi wa zamani hakukubali kutumia chokaa ambayo haijapumzika.

Boriti ndizo zilizoamua sura ya vyumba. Mkoko hauna urefu wa kutosha kuvuka ukumbi mpana, kwa hiyo chumba kilikuwa kirefu na chembamba, kwa kawaida upana wa kama mita tatu. Ukiingia nyumba ya zamani ukashangaa kwa nini chumba kimekaa kama ujia, jibu liko darini. Juu ya boriti hupangwa mawe madogo na zege la chokaa, likapondwa kwa siku nyingi hadi sakafu ikawa ngumu.

Kwa nini mafundi wa hifadhi wanakataa saruji? Si ni imara zaidi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linaloangusha nyumba nyingi kuliko mvua.

Saruji ni imara, kweli. Tatizo ni kwamba ukuta wa matumbawe hupumua. Unyevu hupanda kutoka ardhini na kuingia kutoka kwenye mvua, halafu hutoka taratibu kupitia plasta ya chokaa. Ukiupiga plasta ya saruji, maji yanaingia kwenye nyufa ndogo lakini hayana pa kutokea. Yanakaa ndani pamoja na chumvi ya bahari. Udongo wa chokaa ulioko katikati ya ukuta unalegea na kuwa kama vumbi, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani vinaoza. Kwa nje unaona ukuta mzuri wenye rangi mpya. Kisha siku moja plasta inang'oka kama ganda, na nyuma yake hakuna ukuta wa kushika.

Kosa la pili ni kung'oa dari ya boriti na kumwaga zege la nondo. Mwenye nyumba anafurahi kwa sababu halitikisiki. Lakini uzito umeongezeka, na kuta zilizojengwa kubeba boriti sasa zinabeba jabali. Ongeza matangi ya maji juu ya paa na chumba cha ziada cha matofali kwa ajili ya wageni, halafu hesabu mwenyewe.

Chokaa ni ghali zaidi kwa siku ya kwanza kwa sababu kazi yake ni ya taratibu. Ukihesabu kwa miaka ishirini, mambo hugeuka.

Beit al-Ajaib ilianguka vipi?

Jumba hili lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na mapokezi. Ndilo lililokuwa la kwanza visiwani kupata taa za umeme, na baadaye likawekewa lifti. Lilipona mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, vita vilivyodumu muda usiofika saa moja, ingawa majengo ya jirani yaliharibiwa vibaya. Mnara wa saa tunaoukumbuka uliongezwa upande wa mbele baada ya vita hivyo.

Mwaka 2012 sehemu ya baraza za juu ilianguka na jengo likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara iliporomoka, na watu wawili wakafariki.

Watu huuliza kana kwamba kulikuwa na sababu moja. Lakini liangalie jengo lenyewe: kuta za matumbawe, nguzo za chuma cha kuyeyushwa, sakafu nzito, baraza pana zinazozunguka pande zote, na bahari iko mbele ya mlango. Chuma kinaota kutu na kuvimba, ukuta unanyonya chumvi. Jengo la namna hii linataka matengenezo kila mwaka bila kukosa. Ukingoja liwe mgonjwa mahututi, hata tiba yenyewe inakuwa hatari.

Nyumba yangu iko Mji Mkongwe. Naweza kubadilisha mlango au dirisha?

Unaweza kutengeneza, lakini si kubadilisha utakavyo. Kabla ya kuanza kazi yoyote ya ujenzi ndani ya eneo la hifadhi unahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Kuongeza ghorofa, kutoboa ukuta wa nje, kuziba baraza, kuweka fremu za alumini: yote haya yanaingia humo. Hata rangi ya nje ni vizuri kuuliza kwanza.

Kuhusu mlango wa nakshi, usiuuze. Milango hii imehesabiwa kuwa zaidi ya 500 mjini, na kila unaopungua hauna mbadala, hata kama fundi wa leo ana mkono mzuri. Ule wenye kizingiti cha juu kilichonyooka ni wa mtindo wa Kiarabu. Wenye upinde juu na miiba ya shaba una asili ya India. Ukiona mti umeanza kuliwa na mchwa chini, fundi seremala anaweza kukata kipande kilichooza na kuunga kingine bila kugusa nakshi.

Nani mwenye nyumba hizi?

Hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, na nyumba nyingi zikachukuliwa na Serikali na kupewa familia kadhaa kwa pamoja. Nyingine ni mali ya wakfu, chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nyingine bado ni za watu binafsi, na mara nyingi mtu binafsi huyo ni warithi ishirini walioko Unguja, Dar es Salaam, Muscat na Uingereza.

Matokeo yake ni kwamba nyumba yenye wapangaji wanane wa kodi ndogo haina hata mmoja anayeona paa ni jukumu lake. Aliyeko chini havujiwi. Aliyeko juu anasema paa si lake. Mwenye mali anasema kodi haitoshi kununua hata chokaa. Wote watatu wana hoja, na paa linaendelea kuvuja. Mahali ambapo wapangaji wamekubaliana kuchanga kidogo kidogo kwa ajili ya paa na mifereji pekee, nyumba zimesimama. Hilo halihitaji mfadhili.

Je, nyumba za Ng'ambo nazo ni urithi?

Ndiyo, na ni aibu kwamba swali hili bado linaulizwa. Zamani mkono wa bahari uliutenga Mji Mkongwe na upande wa mashariki, ndipo upande huo ukaitwa Ng'ambo. Mkono huo ulifukiwa hatua kwa hatua, na leo ni barabara ya Darajani, lakini mpaka ulibaki vichwani: huku mji wa mawe, kule mji wa udongo.

Ng'ambo ndiko waliko wengi. Nyumba yake ina baraza mbele, ukumbi katikati unaonyooka toka mlango hadi uwani, vyumba huku na huku. Kuta zilikuwa za miti na udongo, zikaja za mawe na saruji. Paa lilikuwa la makuti, likaja la bati. Sura ya ndani haikubadilika sana. Huko ndiko Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab mzaliwa wa Fumba, alikopata jina kabla ya kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Magorofa ya Michenzani yalipojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yalipita katikati ya mitaa hiyo, na sasa, kwa wanaopenda usanifu, nayo yameingia kwenye historia.

Nyumba ya Ng'ambo haina nakshi ya kumvutia mpiga picha. Ina baraza, na baraza ndiyo inayofanya mtaa uwe mtaa. Ukijenga ukuta mrefu na geti la chuma mahali pa baraza, umefuata sheria zote na bado umeondoa kitu.

Nje ya mji kuna nini?

Magofu mengi, na mengi yako karibu na barabara ya kaskazini.

Mtoni ndipo penye kasri kongwe zaidi la Sayyid Said. Binti yake, Sayyida Salme, alizaliwa hapo mwaka 1844, na aliyoandika baadaye kuhusu utoto wake ndiyo yanayotuonyesha ua uliojaa watu na wanyama. Maruhubi, aliyojenga Barghash kati ya 1880 na 1882, iliungua mwaka 1899; zimebaki nguzo zilizobeba baraza, pamoja na hamamu, yaani bafu la kuogea. Kidichi ina hamamu ya mwaka 1850, iliyojengwa kwa ajili ya mke wa Sayyid Said kutoka Uajemi, na plasta yake ya maua na ndege bado inaonekana. Upande wa kati, Dunga, kuna mabaki ya kasri la Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji. Kama una muda wa kwenda mahali pamoja tu, nenda Dunga: inakumbusha kwamba kisiwa kilikuwa na wakubwa wake kabla ya masultani.

Na jambo la kusemwa wazi. Mashamba haya yalilimwa na watumwa, na nyumba nyingi za fahari za mjini zilijengwa kwa faida ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulibaki halali hadi 1897. Nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu, pale Shangani inafaa kuhifadhiwa pamoja na habari hiyo, siyo mlango wake tu.

Miembe ya Bi Khole ni nini, na kwa nini watu wanaipigania?

Ni safu ya miembe mikubwa pande mbili za barabara ya kusini, karibu na Bungi, ambako Bi Khole binti Said alikuwa na shamba na nyumba. Magofu ya nyumba hiyo yako kando ya bahari. Bi Khole alikuwa dada yake Salme kwa baba. Waongoza watalii wana hadithi ndefu za mapenzi na damu kuhusu waliopanda miti hiyo. Zisikilize kama hadithi. Mikono iliyopanda ilikuwa ya watumwa, na hilo linatosha.

Watu wanaipigania kwa sababu ya kivuli. Saa nane mchana, baiskeli ikiwa na gunia la muhogo nyuma, tofauti kati ya barabara yenye miembe na isiyo nayo si suala la mandhari.

Barabara ikipanuliwa, lazima miti ikatwe?

Si lazima, ingawa huelezwa hivyo. Mahali pengi inawezekana kuiacha barabara ya zamani iwe ya upande mmoja na kujenga njia ya pili nyuma ya safu ya miti. Inahitaji ardhi zaidi, na ardhi ina wenyewe, kwa hiyo mazungumzo yafanyike kabla ya mchoro kukamilika. Tingatinga likishafika, ni kelele tu.

Lakini mti haufi kwa shoka peke yake. Hufa kwa mtaro unaochimbwa karibu na shina, kwa lami inayofunika mizizi, kwa taka zinazochomwa chini yake, kwa misumari ya mabango, na kwa mafundi wa nyaya wanaokata matawi upande mmoja hadi mti unaegemea barabarani. Ukiona mojawapo, peleka habari kwa sheha au halmashauri mapema.

Vilevile miembe hii ni mizee. Anayetaka barabara yenye kivuli baada ya miaka thelathini apande sasa, nyuma ya iliyopo. Apande miche ya kokwa. Miche ya kuunganisha huzaa mapema lakini hubaki mifupi. Ni mizuri kwa shamba, haifai kwa barabara.

Na barabara ya Jozani?

Hiyo ni ya pekee kwa sababu wenye njia ni wawili. Kima punju, ambaye asili yake ni Unguja tu, hulala na kula pande zote mbili za barabara, msituni na kwenye mashamba ya kusini. Lami ilipowekwa magari yakaenda mbio, na kima wakawa wanagongwa. Matuta yaliyowekwa baadaye yalipunguza vifo hivyo kwa kiasi kikubwa. Madereva huyalalamikia, waache walalamike. Jozani na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu 2004.

Ni kweli palikuwa na treni?

Ndiyo. Reli ya kama maili saba ilikwenda kutoka mjini hadi Bububu kuanzia mwaka 1905, ikafa katika miaka ya 1920 magari yalipoenea.

Nyumba aliyozaliwa Freddie Mercury ni ipi?

Zaidi ya nyumba moja zimedai heshima hiyo. Kwa mtazamo wa hifadhi haibadilishi kitu: paa linalovuja halimjui mwimbaji.

Hoteli zinaokoa nyumba au zinaziua?

Zote mbili, na inategemea nani anashika nyundo. Nyumba kadhaa za Hurumzi na Kiponda zingekuwa kifusi leo kama zisingepata biashara ya wageni. Kwa upande mwingine, Mambo Msiige ya Shangani, jengo la katikati ya karne ya 19, ilipogeuzwa kuwa sehemu ya hoteli kubwa, kamati ya Urithi wa Dunia ililalamika kuhusu ukubwa wa jengo jipya lililounganishwa nayo ufukweni.

Kipimo changu ni rahisi: baada ya ukarabati, jirani bado anapita pale alipokuwa akipita? Kisima cha mtaa, kichochoro cha kwenda msikitini, baraza ya wazee wa bao. Hoteli ikivila hivyo, imehifadhi mawe tu. Na mtaa ukibaki na wageni peke yao, hakuna atakayeamka usiku wa mvua kuangalia mfereji wa nani umeziba.

Mimi si mtaalamu wala sina fedha. Nianzie wapi?

Paani, kabla ya masika, yaani kabla ya Machi. Kisha tena kabla ya vuli.

Safisha mifereji ya paa. Kazibe tundu la bati kabla halijawa la ngumi. Ng'oa miche ya jamii ya mtini inayoota kwenye nyufa za ukuta ingali midogo. Ikishakuwa na shina, mizizi yake imekwisha kupasua ndani, na kuing'oa kwa nguvu kunaweza kuondoka na ukuta. Mtini mkubwa ukatwe, using'olewe, na fundi aitwe.

Angalia mabomba. Uvujaji wa choo cha ghorofani umeharibu boriti nyingi kuliko umri. Gonga vichwa vya boriti kwa kijiti pale vinapoingia ukutani: vikitoa sauti ya uwazi, au unga ukimwagika, usipange mizigo juu ya sakafu hiyo. Ufa weka alama ya penseli mwishoni mwake na uandike tarehe. Usiposogea kwa msimu mzima, ni ufa wa plasta. Ukivuka alama, nenda Mamlaka na picha zako, na ikiwa ufa unapanuka kwa siku badala ya kwa miezi, toa watoto ndani kwanza, barua utaandika baadaye.